Saiklofosfamaidi au maikofenoleti: mapafu yenye skleroderma yatibiwe kwa ipi?

Ikishathibitika kwamba skleroderma, ugonjwa wa kinga unaokaza ngozi na kuacha makovu, imefika kwenye mapafu, mgonjwa wa Dodoma hutajiwa dawa mbili zenye majina magumu kutamka. Saiklofosfamaidi ni dawa kongwe ya saratani, iliyopata kibali Marekani mwaka 1959. Maikofenoleti ilipata kibali huko huko mwaka 1995 kwa ajili ya watu waliopandikizwa figo. Zote mbili hushusha kinga ya mwili, maana kwenye ugonjwa huu kinga ndiyo iliyomgeukia mwenyewe. Hakuna kati yake inayofuta kovu lililokwisha kukaa. Kinachotafutwa ni kulizuia lisienee.

Msimamo wangu nautaja mapema, anayesoma kwa haraka asihangaike. Kwa mwenye uhakika wa kupata dawa miaka miwili mfululizo: maikofenoleti. Kwa asiye na uhakika huo, saiklofosfamaidi ya dripu, mara moja kwa mwezi kwa miezi sita, ni afadhali kuliko maikofenoleti ya leo ipo kesho haipo. Mwenye kuandika dawa ni daktari bingwa anayekutibu, lakini yeye naye atakuuliza mambo ambayo wewe tu ndiye unayeyajua: unakaa wapi, nani analipa, unataka mtoto au la. Kwa hiyo ni vizuri ufike kwake ukiwa umeshayafikiria.

Nani anahitaji kuchagua

Si kila mwenye skleroderma. Ugonjwa wenyewe huanza kwenye mishipa midogo ya damu na tishu zinazoshikilia mwili: vidole hubadilika rangi vikipigwa na baridi (na upepo wa Dodoma wa Juni na Julai unatosha kabisa kufanya hivyo), kisha ngozi hukaza, chakula hukwama kooni, kiungulia hakiishi. Kwenye ngozi nyeusi hutokea mabaka meupe yenye vidoti vyeusi, kifuani, mgongoni au usoni. Kwa ukanda wetu, ambao wazee wanakijua vizuri kituo cha wagonjwa wa ukoma cha Hombolo, vidole vilivyofupika na vidonda vya ncha huwafanya majirani waseme ni ukoma. Tofauti ya kuangalia ni hii: ukoma huleta ganzi, ilhali kidonda cha skleroderma kwenye ncha ya kidole kinauma hadi mtu analia.

Mapafu ndiyo yanayobeba hatari kubwa. Uchambuzi wa wagonjwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba, kwa waliokufa kwa ugonjwa wenyewe, asilimia 35 waliuawa na makovu ya mapafu, 26 na presha ya mishipa ya mapafu, na 26 nyingine na moyo. Hata hivyo kovu dogo lisilosogea linaweza kufuatiliwa tu kwa vipimo. Madaktari wengi hutumia mpaka huu: CT skani ikionyesha makovu yamechukua zaidi ya asilimia 20 ya mapafu, ugonjwa ni mpana. Picha ikiwa haijakaa wazi, wanaangalia kipimo cha kupuliza (hewa ambayo mapafu yanaweza kuitoa), na chini ya asilimia 70 ya kiwango cha mtu wa umri na kimo chako huhesabiwa kuwa mpana. Eksirei ya kifua haitoshi. Kovu changa hulipita bila kuliona.

Kuna jambo jingine kabla ya yote: kifua kikuu. Kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi ukipanda ngazi hufanana na mengi, na katika mikoa yetu si ajabu mtu kuanzishiwa dawa za TB kabla hajafikiriwa skleroderma. Kinyume chake nacho ni kibaya: kumshusha kinga mtu mwenye TB iliyojificha. Makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, VVU na homa ya ini ya B vipimwe, ndipo dozi ya kwanza itoke. Mchimbaji mdogo wa Sekenke au mgonga kokoto aseme kazi yake bila kuulizwa. Uhusiano wa vumbi la mawe na skleroderma si hadithi. Daktari Bramwell aliuandika Edinburgh mwaka 1914 alipoona wachonga mawe wakikakamaa ngozi, na daktari Erasmus akaukuta tena mwaka 1957 kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini. Vumbi hilo hilo huongeza hatari ya TB, hivyo mtu wa namna hii hupimwa mara mbili ya mwingine.

Tafiti zilikuta nini

Mwaka 2006 ulitoka utafiti wa Marekani uitwao SLS I. Wagonjwa 158 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine saiklofosfamaidi ya vidonge kwa mwaka mmoja, wengine vidonge visivyo na dawa. Waliokunywa dawa walikuwa mbele kwa asilimia 2.53 kwenye kipimo cha kupuliza. Ni tofauti ndogo, ila ilikuwa mara ya kwanza mtu kuonyesha kwa ushahidi wa namna hiyo kwamba mapafu haya yanaweza kusaidiwa. Tatizo ni kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha dawa, faida hiyo ilikuwa imeyeyuka kwa kiasi kikubwa.

Ndipo ukaja SLS II, uliochapishwa mwaka 2016, na huu ndio unaozilinganisha dawa zetu mbili uso kwa uso. Wagonjwa 142: kundi moja maikofenoleti gramu 3 kwa siku kwa miaka miwili, jingine saiklofosfamaidi ya vidonge kwa mwaka mmoja kisha mwaka wa vidonge visivyo na dawa. Watafiti walitarajia maikofenoleti ishinde. Haikushinda. Baada ya miezi 24, kipimo cha kupuliza kilipanda kwa asilimia 2.19 kwa maikofenoleti na 2.88 kwa saiklofosfamaidi, yaani sawa tu.

Waliotofautiana ni wagonjwa wenyewe, kwa namna walivyozimudu. Chembe nyeupe za damu zilishuka kwa watu 30 wa saiklofosfamaidi, dhidi ya 4 wa maikofenoleti. Walioacha dawa kabla ya wakati walikuwa 32 upande wa saiklofosfamaidi, 20 upande wa maikofenoleti. Waliofariki walikuwa 11 na 5, wengi kwa sababu ya mapafu yenyewe kuendelea kuharibika. Kwa hesabu hizo, mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani, ATS, kilipendekeza maikofenoleti kwa uzito wote, na saiklofosfamaidi kwa masharti. Mwongozo huo naukubali. Ila uliandikwa na watu ambao famasi yao haikosi dawa.

Vidonge si dripu

Hapa ndipo watu wengi huchanganya, na baadhi ya wahudumu pia. Saiklofosfamaidi iliyotumika SLS I na SLS II ilikuwa ya kumeza kila siku, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Hospitali nyingi sasa hutoa ya dripu, kwa mtindo wa utafiti wa Uingereza wa mwaka 2006 uitwao FAST: miligramu 600 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, mara moja kwa mwezi, miezi sita, kisha mgonjwa anaendelea na azathioprini ya vidonge, dawa nyingine ya kushusha kinga.

Fanya hesabu ya mama mwenye kilo 50. Kwa vidonge atakunywa miligramu 100 kwa siku, na kwa mwaka itakuwa gramu 36.5. Kwa dripu atapata takribani miligramu 900 kila mwezi, na miezi sita inampa gramu 5.4. Karibu mara saba pungufu! Madhara mengi yanayotisha ya saiklofosfamaidi, kuanzia kibofu hadi mayai ya uzazi, hufuata jumla ya dawa iliyoingia mwilini. Kwa hiyo mtu akikwambia "hiyo dawa inaua kizazi", muulize anazungumzia ya kumeza au ya dripu, na kwa gramu ngapi.

Upande wa pili wa hesabu ni ushahidi. FAST ilikuwa na wagonjwa 45 tu, na tofauti ya asilimia 4.19 iliyoonekana haikufika kiwango ambacho wanatakwimu wangeapa kwacho. Nguvu kidogo imeongezeka mwaka 2023, kwenye utafiti wa Uingereza uitwao RECITAL, uliopima saiklofosfamaidi ya dripu ile ile dhidi ya rituksimabu, dawa nyingine ya kushusha kinga. Baada ya wiki 24 kipimo cha kupuliza kilikuwa kimepanda kwa wastani wa mililita 99 kwa saiklofosfamaidi na 97 kwa rituksimabu. Wagonjwa hao walikuwa mchanganyiko, wenye skleroderma na wenye magonjwa mengine ya jamii hiyo, lakini dripu haikuonekana kuwa dawa ya kupoteza muda.

Kibofu, maji na basi la Kondoa

Saiklofosfamaidi huvunjwa mwilini na kuacha mabaki makali yanayopita kwenye mkojo. Yakikaa muda mrefu kwenye kibofu yanakichubua, mkojo unatoka na damu, na miaka mingi baadaye hatari ya saratani ya kibofu hupanda. Kinga yake ni maji mengi na kukojoa mara kwa mara siku ya dripu na siku inayofuata, pamoja na dawa ya mesna kama daktari ataona inafaa. Anayetumia vidonge ameze asubuhi, asilale na dawa kibofuni.

Sasa weka hilo kwenye maisha ya kwetu. Mtu anayepata dripu saa nne asubuhi Dodoma mjini na kupanda basi la mchana kurudi Kondoa au Singida atafanya kile ambacho kila abiria wa masafa hufanya: hatakunywa maji, ili asimsumbue dereva kusimama. Hilo ndilo kosa lenyewe. Afadhali alale mjini kwa ndugu usiku huo. Gharama ya kulala mjini ihesabiwe ndani ya gharama ya dawa, mara sita, na nauli ya anayemsindikiza.

Kipimo cha damu, FBP, kinahitajika kabla ya kila dripu na kati ya siku ya 8 na ya 14 baada yake, kwa sababu hapo ndipo chembe nyeupe hushuka hadi chini kabisa. Habari njema ni kwamba FBP inapatikana hospitali ya wilaya. Picha ya majibu ikitumwa kwa WhatsApp kwa daktari inatosha, mradi umekubaliana naye mapema. Homa katika siku hizo haisubiri kesho wala haitibiwi kwa kukisia malaria. Ni kwenda hospitali usiku huo huo.

Kwa maikofenoleti, tumbo ndilo linalolalamika: kichefuchefu, kuharisha. Kwa mgonjwa wa skleroderma, ambaye utumbo wake tayari ni mvivu na uzito unapungua, si jambo dogo. Wengi huanza na miligramu 500 mara mbili kwa siku na kupanda polepole, wengine wanabaki kwenye gramu 2 kwa sababu ya 3 haivumiliki. Sisi wa dirisha la dawa tuna la kuongeza: vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu hupunguza kiasi cha maikofenoleti kinachoingia mwilini, na omeprazo nayo hupunguza. Kiungulia na skleroderma ni pete na kidole, kwa hiyo karibu kila mgonjwa anavimeza. Usiache dawa ya kiungulia kwa hofu, maana tindikali ikipanda na kuingia kifuani nayo huumiza. Tenganisha saa za vidonge vya magnesiamu na umwambie daktari kuhusu omeprazo. Rifampisini ya TB pia huishusha nguvu maikofenoleti kwa kiasi kikubwa, na ukianzishiwa dozi ya TB katikati ya matibabu lazima mpango mzima ufikiriwe upya.

Kwa dawa zote mbili: hakuna chanjo zenye vijidudu hai, mfano ya homa ya manjano.

Kwa mwanamke ambaye bado anataka mtoto

Skleroderma huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Hapa dawa hizi mbili hutofautiana kwa namna ambayo haisemwi vya kutosha kwenye chumba cha daktari chenye foleni.

Maikofenoleti haiharibu mayai. Inachoharibu ni mimba iliyopo: karibu nusu ya mimba zilizofuatiliwa ziliharibika katika miezi mitatu ya mwanzo, na takribani robo ya watoto waliozaliwa walikuwa na kasoro, zikiwemo za masikio na midomo. Hivyo kipimo cha mimba kabla ya kuanza si cha kumdhalilisha mtu, na kijiti au kitanzi ni bora kuliko kutegemea kumbukumbu ya vidonge. Ukitaka kubeba mimba, dawa inasimama angalau wiki sita kabla, kwa mpango na daktari.

Saiklofosfamaidi nayo huharibu mimba, lakini juu ya hapo inaweza kukatisha hedhi moja kwa moja. Hatari hukua kwa umri na kwa jumla ya gramu. Binti wa miaka 22 anayepata dripu sita yuko mahali tofauti kabisa na mama wa miaka 38 anayemeza vidonge mwaka mzima. Wanaume wasijione wako nje: mbegu zao pia huathirika. Kwa mtu wa umri wa kuzaa mwenye ndoto ya mtoto, maikofenoleti inashinda hapa bila ubishi.

Nani analipa, na kwa muda gani

Gramu 3 kwa siku ni vidonge sita vya miligramu 500. Miaka miwili ni vidonge 4,380. Andika namba hiyo kwenye karatasi kabla hujakubali, kisha uliza dirisha la bima swali moja lililonyooka: dawa hii imo kwenye orodha ya kifurushi changu, kwa ugonjwa wangu huu, au kwa waliopandikizwa figo tu? Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inapandikiza figo, kwa hiyo maikofenoleti si dawa ngeni mjini. Kuwepo mjini na kuwepo mkononi mwako kila mwezi ni mambo mawili.

Saiklofosfamaidi imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na hutumika kwenye saratani kila siku. Ni dripu sita na safari sita, zenye mwisho unaouona. Familia inaweza kuuza mbuzi wawili na kuumaliza mpango. Ninachokihofia kwa maikofenoleti ya mfukoni ni mwezi wa tano wa matibabu, fedha zikipungua: mgonjwa anaanza kumeza vidonge vitatu badala ya sita, halafu siku moja moja, halafu anakaa kimya kwa aibu. Mapafu yanaendelea kukaza huku faili likisema yuko kwenye dawa. Treni ya SGR tangu Julai 2024 imerahisisha kufika Muhimbili au kufuata dawa Dar es Salaam, lakini nauli ni nauli.

Baada ya dripu sita usiachie hapo. SLS I ilishatuonyesha faida inavyoyeyuka. Panga mapema utaendelea na nini: azathioprini, au maikofenoleti kama bima itakuwa imekubali wakati huo. Kwa wengine dripu ni daraja la kununua miezi sita ya kufuatilia kibali cha bima.

Ya tatu isiyopaswa kuwemo

Prednisoloni, dawa ya steroidi. Ni rahisi, ipo kila duka, na viungo vinavyouma hutulia nayo haraka, ndiyo maana wagonjwa wengi huipenda. Kwa skleroderma, dozi ya miligramu 15 kwa siku au zaidi imehusishwa na janga la figo: presha inaruka ghafla, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, mkojo unapungua. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliye katika miaka ya mwanzo na ambaye ngozi inakaza kwa kasi hadi kifuani na mapajani. Kila mwenye skleroderma ya aina hiyo awe na mashine ya presha nyumbani au apime zahanati kila wiki. Dawa ya kuokoa ni kaptoprili, dawa ya presha, na ndugu zake. Uchambuzi wa daktari Steen wa mwaka 1990 ulikuta asilimia 76 ya waliopewa walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya 15 ya wasiopewa. Kuimeza mapema kama kinga, kabla janga halijatokea, hakujaonyesha faida.

Kuhusu nyingine utakazosikia, nitakuwa mfupi. Nintedanibu, dawa ya kupunguza kasi ya makovu, kwenye utafiti wa mwaka 2019 wa wagonjwa 576, ilipunguza kasi ya kupoteza pumzi kutoka mililita 93 kwa mwaka hadi 52, na robo tatu ya walioitumia waliharisha. Ni ya kuongezea juu ya maikofenoleti. Tosilizumabu ilipata kibali Marekani mwaka 2021 kwa mapafu ya skleroderma. Kupandikiza seli za uloto za mgonjwa mwenyewe kumesaidia wachache waliochaguliwa kwa makini, lakini katika utafiti wa Ulaya wa watu 156, wanane walikufa kwa matibabu yenyewe ndani ya mwaka wa kwanza. Usichanganye na uloto unaopandikizwa Benjamin Mkapa kwa watoto wenye selimundu, ambao hutoka kwa ndugu.

Ukishachagua, weka tarehe ya kupuliza tena kila miezi mitatu hadi sita, kwa mashine ile ile ikiwezekana, na uandike namba kwenye daftari lako mwenyewe. Ikishuka kwa asilimia 10 au zaidi kutoka ulipoanzia, bila kifua kingine cha kuelezea, rudi kwa daktari na daftari hilo: dawa uliyo nayo haitoshi, na hapo ndipo rituksimabu au kubadilishana kati ya hizi mbili hufikiriwa.